Tuisheni ya uraia kule Pasua, Moshi: nyota nne, ya tano ameikosa kwa kitini

Tangu niweke ile picha ya mume wangu, Baba Neema, ameinamia daftari kama mtoto wa darasa la nne meseji haziishi, kila mtu anauliza ni tuisheni ya nini, iko wapi, shilingi ngapi, nikaona niandike mara moja hapa alafu atakayeuliza tena namtumia hii. Ni darasa la kuwaandaa watu wanaoomba uraia wa Tanzania. Liko Pasua, chumba cha nyuma cha steshenari moja, anafundisha mwalimu mstaafu aliyefundisha historia na uraia sekondari miaka nenda rudi. Halina jina wala kibao, watu wanasema tu kwa Mwalimu.

Mume wangu ni Mkenya wa Taveta. Mimi wa Rombo. Wanaojua kule wanajua kwetu na kwao ni kama jikoni na sebuleni, mbuzi wanavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni na hakuna anayewauliza. Huu ni mwaka wa 14 yuko Moshi, ana karakana ya kuchomelea mageti Njoro, tuna watoto watatu, Kichaga anasikia chote ila akiwa msibani anajifanya hasikii ili asitumwe. Sasa mie kwa akili yangu nilidhani mtu akishaoa huku uraia ni kupeleka cheti cha ndoa na picha za pasipoti basi. Wapi bana! Kumbe sheria inamtazama mke tofauti na mume: mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania ana njia yake kwenye ile Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, lakini mwanaume wa nje akioa Mtanzania anapanga foleni na wengine wote. Nilikasirika siku hiyo mpaka nikaunguza maharage. Na hilo nililijulia kwa Mwalimu, kipindi cha kwanza kabisa, kabla hata hatujalipa.

Kipindi hicho cha kwanza ni bure na hata kama hutaki kuendelea nenda tu ukakisikilize. Anaeleza kuna uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa mgeni anayeomba akapewa, na nyie mlioko hapa wote ni tajnisi msijidanganye. Anakupigia hesabu ya miaka: uwe umekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika ile miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi uwe umekaa jumla isiyopungua miaka 7. Uwe unajua Kiswahili au Kiingereza, uwe mtu wa tabia njema, uwe na mchango kwa nchi, uwe unakusudia kuendelea kuishi hapa. Na Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku ya siku unaukana ule wa kwenu. Hapo ndo Baba Neema alinyamaza. Kenya katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, yaani kwao hawana neno, ni huku ndo inabidi aachie. Njia nzima ya kurudi nyumbani kwenye bajaji hakuongea, nami sikumsemesha.

Nimeona watu wanalinganisha na Marekani. Shemeji yangu yuko huko, yeye alipewa orodha ya maswali 100, siku ya intavyuu anaulizwa 10, akipata 6 amepita, na sa hivi wanaoomba wamebadilishiwa, yamekuwa 128, unaulizwa 20 na unatakiwa upate 12. Anayaweka kwenye simu anakariri kwenye basi. Mwalimu kitu cha kwanza alichosema ni mje huku mkitafuta orodha ya namna hiyo mtakuwa mmenipa hela ya bure, mimi nafundisha mtu aeleze. Na hapo ndo ninapompa sifa zake zote, mana kweli anafundisha kueleza, na ni jambo ambalo mimi shule nzima sikufundishwa.

Niwape mfano mmoja muone. Siku ya pili kaingia hana kitabu, kasema nani ana noti ya elfu moja, akapewa, nani ana sarafu ya mia mbili, akapewa. Akaviweka mezani vyote viwili. Huyu nani? Nyerere. Na huyu? Kimya. Watu saba darasani, hiyo sarafu tunalipia nayo nyanya kila siku, na hakuna aliyekuwa na uhakika ni nani. Karume, Sheikh Abeid Amani Karume. Basi akasema sawa, wako mezani wawili, nielezeni wamekutanaje. Kijana mmoja Mkongo anayepiga gitaa kanisani akajaribu, Baba Neema akaingia kwa nguvu zote akasema Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Na mie pale pembeni nikatikisa kichwa kwamba ndiyo hivo hivo, tena kwa kujivuna mana mume wangu kapatia.

Mwalimu akanigeukia mimi, siyo yeye. "Mama, hiyo Tanzania ya 1961 ilikuwa wapi?"

Aisee. Nina miaka 39, nimezaliwa hapa, nimeimba wimbo wa taifa foleni ya asubuhi kuanzia chekechea. Ilikuwa Tanganyika! Tanganyika ndo ilipata uhuru 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Zanzibar wakapata wa kwao tarehe 10 Desemba 1963 chini ya sultani, mwezi mmoja na siku mbili baadaye, 12 Januari 1964, Mapinduzi. Tarehe 26 Aprili 1964 ndo hawa wawili wa mezani wakaunganisha, na hata hapo jina lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, neno Tanzania likaja baadaye mwaka huo huo. Alikuwa anasogeza noti na sarafu mezani huku anaeleza, mpaka akaiweka sarafu juu ya noti. Kisha akauliza sasa Tanzania ina serikali ngapi, watu wakasema moja, wengine tatu. Ni mbili, ya Jamhuri ya Muungano na ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Zanzibar wana Rais wao na Baraza la Wawakilishi. Tanganyika haina yake peke yake. Hiyo picha ya sarafu juu ya noti haijanitoka mpaka leo. Noti yenyewe haikurudi kwa mwenyewe, iliingia mfukoni kwa Mwalimu na ndo ikanunua maandazi ya kipindi, na kila wiki akiuliza nani ana noti ya elfu moja watu wanaangalia dari. Mwalimu ni Mpare wa Usangi, sisemi zaidi, watani wangu mtanielewa.

Tarehe nyingine kazifundisha kwa kalenda ya ukutani, ile ya bure inayotolewa na maduka ya dawa za mifugo. Anakwambia karakana yako au duka lako litafungwa lini mwaka huu na kwa nini. 12 Januari ushaijua, 7 Aprili siku Karume alipouawa mwaka 1972, 26 Aprili Muungano, Mei Mosi, 7 Julai Sabasaba ambayo watu wanajua ni maonyesho ya biashara tu na hawajui kwamba TANU ilizaliwa siku hiyo 1954, 8 Agosti Nanenane ya wakulima ambayo sisi wa Kaskazini tunaiendea Themi kule Njiro, Arusha, 14 Oktoba alipofariki Mwalimu Nyerere 1999, 9 Desemba tena tumerudi tulikoanzia. Baba Neema hiyo aliidaka haraka kuliko wote mana vijana wake wa karakana hizo siku wanazidai kama mshahara.

Ngao ya taifa nayo alitumia kipindi kizima na ndo kilichonifurahisha kupita vyote. Alitoa barua yake ya zamani ya serikali yenye ngao juu akaipitisha tuiangalie kwa karibu, hebu angalieni mwanaume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya nini, juu ya Kilimanjaro, miguuni kwa mwanaume kuna karafuu, kwa mwanamke kuna pamba, katikati mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe, mawimbi ya maji, chini utepe umeandikwa Uhuru na Umoja. Nikauliza sasa kahawa yetu iko wapi, watu wa Moshi tuna chama cha ushirika cha kahawa KNCU tangu 1933, kabla ya TANU, kabla ya kila kitu, tumesahaulika vipi? Akanijibu, "Mmepewa mlima mzima mnakanyagiwa na taifa, mnataka na kahawa?" Darasa likavunjika mbavu. Ila alafu akatulia akaeleza ya mwenge, kwamba usiku wa kuamkia uhuru Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera mpaka kileleni, mita 5,895, na ndo maana kile kilele kinaitwa Uhuru. Nimeuangalia huo mlima kila asubuhi nikianika nguo, wala sikuwahi kumfikiria mtu aliyepanda na bendera usiku na baridi ile.

Sasa kuna kitu kimoja kilinishangaza, kipindi cha ngazi za uongozi. Mtaa, kata, tarafa, wilaya, mkoa, nani anachaguliwa nani anateuliwa nani anaajiriwa. Mie ziro. Nilijua mwenyekiti wa mtaa kwa sura tu, mtendaji wa kata nilikuwa nadhani ndo diwani. Baba Neema alijibu yote bila kusita: mwenyekiti wa mtaa tunamchagua, mtendaji ni mwajiriwa, diwani anachaguliwa na kata, meya anachaguliwa na madiwani wenzake, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wanateuliwa na Rais. Mwalimu akamuuliza umesoma wapi haya, akasema sijasoma popote Mwalimu, mimi mgeni, kila nikitaka kitu naambiwa lete barua ya mtaa, nikishapata ya mtaa naambiwa gonga muhuri kata. Miaka 14 ya mihuri. Bibi mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa akacheka mpaka akavua miwani, akasema na mimi hivo hivo mwanangu. Yaani raia tuliozaliwa hapa hizo ofisi hatuzijui kwa sababu hatujawahi kuzihitaji.

Haya tuje kwenye kasoro mana siandiki tangazo.

Kitini. Jamani kitini. Umeshalipa 80,000 kwa vipindi nane, unapewa karatasi 12 zimefotokopiwa kutoka fotokopi ya fotokopi, herufi zingine zimekuwa madoa, ukurasa wa 7 umekaa juu chini. Na ni cha zamani! Marais wameishia wa nne kwa mashine, wa tano na wa sita wameongezewa kwa kalamu ya bluu. Mikoa imeandikwa 30. Sasa mikoa 30 ilikuwa kabla Songwe haijatolewa Mbeya 2016, leo ni 31, ya Bara 26 na ya Zanzibar 5. Baba Neema akakariri 30 usiku kucha na asubuhi ananiambia kwa kujiamini, mtoto wetu wa darasa la sita akiwa anakunywa uji akamwambia baba ni 31, ikawa ubishi wa kufungua vitabu. Nilipomwambia Mwalimu hakubisha, alisema ni kweli, futeni hiyo 30 muandike 31. Mzee wangu, mtu anajiandaa kwenda mbele ya watu wazito na wewe unampa karatasi yenye kosa alafu anayelirekebisha ni mtoto anayekunywa uji? Kwa upande wa majina ya mawaziri na wakubwa waliopo madarakani huwa hayaandiki kabisa, anasema siku moja kabla ya usaili kaa uangalie taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na hilo nampa haki yake.

Kasoro ya pili muda. Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, inayoanza saa kumi na mbili na nusu, na umeme ukikatika mnahamia barazani na mbu wa Pasua mnawajua wenyewe. Ya tatu safari ya Arusha. Ni hiari, mnachangia nauli mbali na ada, mnaenda Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, ndani ya ukumbi wenyewe ambao Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikapitisha Azimio, lile la ujamaa na kujitegemea, likatangazwa 5 Februari. Kosta tuliyokodi tuliambiwa saa moja asubuhi, ikaja saa tatu kasoro, dereva anatafuna mua. Hasira zilikuwa nyingi ila nikiri, ukishasimama mle ndani miiko ya uongozi inakuingia tofauti na kuisoma, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Dada mmoja Mholanzi wa darasa letu, anayeongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, akauliza kwa sauti ya chini sasa hiyo miiko iliishia wapi, Mwalimu akamwambia Zanzibar 1991, kwenye Azimio la Zanzibar lililoilegeza, na hilo swali ukiulizwa jibu kwa adabu, usiulize wewe. Tukapita kula ndizi nyama tukarudi.

Kilichonifanya nisijutie hela ni kipindi cha saba, usaili wa majaribio. Mwalimu kavaa koti, kaleta na rafiki yake mtendaji wa kata mstaafu, wamekaa nyuma ya meza, nyie mnangoja kwenye benchi nje mnaitwa mmoja mmoja. Waliruhusu wake na waume waingie wakae nyuma wakae kimya. Baba Neema aliingia na shati alilovaa kipaimara cha Neema. Akaulizwa mkoa huu una wilaya ngapi, akawa anazihesabu kwa mageti: nimefunga geti Rombo, nimefunga Hai, Siha, Mwanga, Same la shule moja, na hapa Moshi, sita. Yule mtendaji mstaafu akauma midomo asicheke. Mihimili ya dola, mitatu, akaieleza. Umri wa kupiga kura 18, wa kugombea urais 40. Makao makuu Dodoma, na akaongeza uamuzi ulikuwa wa 1973 ila sheria ya kuyatangaza ndo imekuja 2018, nikamuona Mwalimu anakaa vizuri kwenye kiti.

Alafu likaja lile. Kwa nini unataka kuwa Mtanzania?

Hili Mwalimu alishatupigia kelele wiki nzima kwamba atakayesema amani na utulivu atatolewa nje, mana kila mtu anasema hivo na ni kama hujasema kitu. Baba Neema akakaa kimya nikaanza kusali. Akasema, "Nimechoka kuomba kibali cha kukaa nyumbani kwangu."

Chumba kikatulia, mie machozi yako hapa. Mwalimu akaandika kwenye karatasi, akavua miwani, akasema, "Shemeji, hilo jibu ni zuri, ila neno la kuchoka litoe. Ofisini hatuendi tumechoka." Wakalirudia mara nne mpaka likakaa. Nasema hata kama ningelipa 80,000 kwa dakika zile 20 peke yake nisingenung'unika, mana ni mtu gani mwingine angemkalisha mume wangu amtoe neno moja kwenye sentensi.

Ombi lilishakwenda na usaili alishafanya, alichoulizwa siandiki hapa, Mwalimu alituomba tusiandike na naona ana haki. Majibu bado. Na mjue Mwalimu hamuahidi mtu kitu, alisema wazi sheria haimlazimishi Waziri kutoa sababu akikubali wala akikataa, kwa hiyo ukikutana na mtu anayekwambia lipa nikuhakikishie, kimbia. Yeye anakuandaa tu, fomu na nyaraka hagusi, hizo nenda Uhamiaji mwenyewe.

Kwa nani haifai: kama Kiswahili chako bado cha kuombea maji usianze hapa, Mwalimu anaongea haraka na methali juu, yule kaka mmoja Mchina wa vigae aliacha wiki ya pili na hela hakurudishiwa, jambo ambalo sikulipenda. Wake wa kigeni wenye ile njia yao bado mnaweza kuja, maswali ya nchi ni yale yale. Na nyie wazawa msidhani haiwahusu, mie niliingia kumsindikiza mtu nikamaliza na daftari limejaa.

Nyota nne. Ya tano nitaiweka siku nikiona kitini kipya, anasema kiko mbioni, anasema hivo tangu Pasaka. Darasa jipya linaanza likitimia watu sita, ulizia steshenari yoyote Pasua karibu na sokoni watakuelekeza kwa Mwalimu, njoo na daftari kubwa, sweta na dawa ya mbu. Sarafu ya mia mbili ukitaka njoo nayo, itarudi. Noti ya elfu moja acha nyumbani.